Kumbukumbu ya Kompyuta: Kukopa Harusi, Kulipa Matanga

Kompyuta si mgeni tena katika nyumba za wafanyakazi wa mijini. Ilianza maofisini, ikaingia mashuleni, na leo imepata mahali pake sebuleni, juu ya meza ndogo, imefunikwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono kama zilivyokuwa zikifunikwa redio zamani. Baba huandikia barua, mama huwekea hesabu za biashara yake, nao watoto hufanyia kazi walizopewa shuleni. Aghalabu mashine hiyo haikununuliwa ikiwa mpya. Imekwisha kutumika kwingine, ikauzwa kwa bei ambayo mshahara unaweza kuistahimili, na fedha yake ilidundulizwa kwa miezi mingi, pengine kwa kungoja zamu ya upatu.

Kisha hufika siku mashine ikaanza kusuasua. Kipanya kinasogezwa, mshale kwenye kioo haujongei. Barua inafunguliwa, na muda wa kunywa kikombe kizima cha chai unapita kabla haijaonekana. Taa ndogo ya diski inametameta bila kupumzika, na ndani husikika mkwaruzo kama wa panya darini. Hapo maneno huanza nyumbani. Huyu asema watoto wamejaza michezo, yule asema imeingia virusi, na jirani ajuaye mambo ashauri iuzwe kabla haijafa kabisa. Kijana mmoja huja na dawa aliyoisikia mtaani, kwamba iongezwe kumbukumbu pepe mara tatu. Mwenzake huapa kwamba dawa ni kuizima kumbukumbu hiyo moja kwa moja.

Dawa zote mbili zaweza kuidhuru kazi ya familia. Kumbukumbu pepe ni mkopo. Mkopo humwokoa mtu siku ya dhiki, wala haumtajirishi; na wahenga walikwisha kutuonya kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Mwenye kuufahamu mkopo huu, jinsi unavyochukuliwa na jinsi unavyolipwa, hatatupa mashine iliyo nzima, wala hatatoa fedha mfukoni kununua asichokihitaji.

MEZA, MASJALA NA TARISHI

Hebu tumfikirie karani katika ofisi ya zamani. Mbele yake ipo meza, na juu ya meza zimo karatasi anazozishughulikia wakati ule. Mwisho wa ujia ipo masjala, chumba kikubwa chenye makabati yaliyohifadhi mafaili ya miaka mingi. Karani akihitaji karatasi iliyopo mezani, mkono wake huifikia mara moja. Akihitaji iliyopo masjala, hapana budi amtume tarishi, naye akae kungoja.

Ndani ya kompyuta karani ni prosesa, yaani kile kifaa kinachofanya hesabu na kutekeleza amri. Meza ni kumbukumbu ile inayoitwa RAM. Masjala ni diski. Meza ni ndogo lakini ya karibu; masjala ni kubwa lakini ya mbali. Tena ipo tofauti nyingine ya kukumbukwa: meza husafishwa kila umeme unapozimwa, na chochote kilichokuwamo katika RAM hupotea, ilhali kilichowekwa katika diski hubaki.

Sasa meza imejaa na kazi mpya imeletwa. Karani afanyeje? Angeweza kuikataa kazi hiyo. Badala yake, mfumo unaoiendesha kompyuta hutenga rafu moja kule masjala kwa ajili ya karatasi zilizoondolewa mezani kwa muda. Karatasi ambayo haijatazamwa kwa kitambo hupelekwa kwenye rafu hiyo, na nafasi yake hupewa kazi mpya. Ikihitajiwa tena, tarishi huirudisha na kuondoka na nyingine. Programu zenyewe hazina habari ya safari hizi. Kila moja hudhani kwamba imepewa meza yake yenyewe, pana kuliko meza iliyopo. Meza hiyo ya kudhaniwa ndiyo kumbukumbu pepe.

Katika kompyuta zinazotumia Windows, rafu hiyo ya masjala ni faili moja lililofichwa, na jina lake ni pagefile.sys. Tuliite faili la kurasa, kwa sababu vitu vinavyosafirishwa hukatwa vipande vilivyo sawa viitwavyo kurasa, na kwa kawaida kila ukurasa una baiti 4,096. Kompyuta za Linux na za Apple nazo zina rafu za namna hiyo, ingawa majina na mipango yake hutofautiana.

FIKRA ILIYOANZIA MANCHESTER

Fikra hii haikubuniwa kwa ajili ya kompyuta za nyumbani. Katika miaka ya 1950 kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa ghali mno na ndogo mno. Mwandishi wa programu alilazimika kupanga yeye mwenyewe kipi kikae katika kumbukumbu ya karibu na kipi kiwekwe katika ngoma ya sumaku iliyokuwa ikizunguka kando, na kazi hiyo ya kuhamisha ilimla siku nyingi. Katika miaka hiyo hiyo, mtaalamu Mjerumani Fritz-Rudolf Güntsch alieleza katika tasnifu yake huko Berlin namna ambavyo mashine ingeweza kujipangia uhamisho huo yenyewe.

Waliolitenda jambo hilo likaonekana kwa macho ni wahandisi wa Chuo Kikuu cha Manchester nchini Uingereza, wakiongozwa na Tom Kilburn na wakishirikiana na kampuni ya Ferranti. Kompyuta yao iliitwa Atlas, nayo ilizinduliwa rasmi tarehe 7 Desemba 1962. Kumbukumbu yake ya karibu ilikuwa na nafasi 16,384, na ngoma zake zilikuwa na nafasi 98,304. Atlas iliziunganisha hazina hizo mbili zikaonekana kwa mtumiaji kama hazina moja, na kurasa zilihamishwa huku na huko bila yeye kutoa amri.

Kipimo hiki chaweza kutusaidia kuona tulikotoka. Kila nafasi katika Atlas ilikuwa sawa na baiti 6 za leo, kwa hiyo kumbukumbu yake yote ya karibu haikufika kilobaiti 100. Kompyuta ya nyumbani yenye gigabaiti 4, ambayo leo twaiita dhaifu, ina kumbukumbu zaidi ya mara 40,000 kuliko ile.

Ilipofika mwaka 1985 kampuni ya Intel ilitoa prosesa ya 80386, iliyokuwa na uwezo wa kuhamisha kurasa kwa namna hiyo ndani ya mashine ndogo ya mezani. Mwaka 1990 Windows 3.0 ikautumia uwezo huo, na ndipo mkopo uliobuniwa kwa mashine za vyuo vikuu ukaingia majumbani. Umekaa humo hadi leo, na wengi wetu tunaishi nao bila kujua.

RIBA YA MKOPO

Mkopo huu haulipwi kwa shilingi. Hulipwa kwa muda, na riba yake hutegemea aina ya diski.

Kuchukua kitu kutoka RAM huchukua kiasi cha sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde. Kukichukua kutoka diski ya kisasa isiyo na sehemu inayozunguka, ile inayoitwa SSD, huchukua kiasi cha sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Kukichukua kutoka diski ya zamani yenye sahani zinazozunguka huchukua kiasi cha sehemu moja ya mia ya sekunde, kwa kuwa mkono wa kusomea lazima usogee na sahani lazima izunguke hadi mahali panapotakiwa. Diski inayozunguka mara 5,400 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 11, na hapana amri iwezayo kuiharakisha zaidi ya hapo.

Namba hizo ni ndogo hata akili haizishiki. Basi na tuzikuze. Tuseme karani huichukua karatasi mezani kwa sekunde moja. Kwa kipimo hicho, tarishi anayetumwa katika SSD hurudi baada ya kiasi cha dakika 17. Tarishi anayetumwa katika diski ya kuzunguka huondoka leo na kurudi kesho, baada ya zaidi ya saa 27.

Safari chache hazina neno. Karatasi zilizolala hupelekwa masjala, na karani huendelea na zilizopo. Shida huanza pale ambapo karatasi anazozihitaji kwa wakati mmoja ni nyingi kuliko meza. Kila anayoiondoa huihitaji baada ya punde, na ili aipate lazima aondoe nyingine ambayo nayo ataihitaji. Tarishi hukimbia mchana kutwa, jasho linamtoka, na karani hajaandika hata mstari mmoja. Mtaalamu Mmarekani Peter Denning aliieleza hali hiyo mwaka 1968, akaonyesha kwamba mashine huweza kuongezewa kazi na ikaenda vizuri, kisha ikifika kikomo fulani ufanisi wake huporomoka ghafla. Ndiyo maana kompyuta iliyokuwa njema asubuhi na programu tatu huonekana kama imekufa jioni zinapokuwa tano. Haijafa. Inatapatapa kati ya meza na masjala.

DAWA MBILI ZENYE MADHARA

Tuchukue mfano wa familia yenye kompyuta ya gigabaiti 4 za RAM. Binti wa kidato cha nne anaandika insha. Amefungua pia kurasa kumi za mtandao zenye masomo yake, na nyuma yake hesabu za mama hazikufungwa tangu mchana. Programu zote hizo, pamoja na mfumo wenyewe, zimeahidiwa jumla ya gigabaiti 6. Faili la kurasa lina gigabaiti 4, kwa hiyo kikomo cha ahadi ni meza na rafu zikijumlishwa, yaani gigabaiti 8. Mashine inakwenda polepole, lakini inakwenda.

Kaka yake sasa anaizima kumbukumbu pepe ili, kwa maneno yake, kompyuta itumie RAM tupu iwe na mbio. Kikomo kimeshuka kutoka 8 hadi 4. Siku ya pili binti anafungua yale yale aliyoyafungua jana. Programu moja inaomba nafasi, na mfumo unakataa kwa kuwa ahadi zimefika ukingoni. Pengine litatokea onyo. Pengine programu itajifunga yenyewe, nayo insha ambayo haikuhifadhiwa itakwenda nayo. Tena jambo hili laweza kutokea hata kama RAM haijajaa, maana programu nyingi huomba nafasi kubwa kuliko ile wanayoitumia hasa, na mfumo huihesabu ahadi yote. Rafu tupu ya masjala ilikuwa ikizidhamini ahadi hizo. Dhamana imeondolewa, na aliyelipa ni binti.

Dawa ya pili ni kulikuza faili la kurasa kupita kiasi kwa kuamini kwamba hivyo mashine imeongezewa RAM. La hasha! Masjala ikiongezwa rafu ishirini, meza haipanuki hata inchi moja, na tarishi haongezi mwendo. Kinachotokea ni kwamba nafasi ya diski, ambayo ingehifadhi picha za arusi na vyeti vya watoto, imezuiliwa bure.

Imekuwapo pia kanuni ya zamani kwamba faili la kurasa liwe mara moja na nusu ya RAM. Kanuni hiyo ilienea wakati RAM ikihesabiwa kwa megabaiti: mwenye 64 alitenga 96, na mambo yakaenda. Leo itazame kwa makini. Mwenye RAM ya gigabaiti 2 inampa rafu ya 3 tu, na mwenye gigabaiti 16 inampa rafu ya 24, ilhali mwenye haja kubwa ya mkopo ni yule wa kwanza. Kipimo cha kweli ni kazi zinazofanywa na mashine, na kazi hizo zaweza kupimwa.

PIMA KWANZA

Katika Windows 10 na Windows 11, bonyeza kwa pamoja vitufe vitatu, Ctrl, Shift na Esc. Litafunguka dirisha la kusimamia kazi. Chagua ukurasa ulioandikwa "Performance", kisha "Memory". Chini ya mchoro utaliona neno "Committed" na namba mbili zilizotenganishwa kwa mstari wa mshazari, mathalani 6.1/7.9 GB. Namba ya kwanza ni ahadi zilizokwisha kutolewa kwa programu. Ya pili ni kikomo, yaani RAM na faili la kurasa kwa pamoja.

Zisome namba hizo wakati kazi imepamba moto, wala si mara tu baada ya kuwasha mashine. Mwanafunzi afungue anavyovifungua kila jioni, mama afungue hesabu zake, kisha zisomwe na kuandikwa katika daftari. Fanyeni hivyo kwa juma moja, na namba kubwa kuliko zote ndiyo ya kufuatwa. Ikiwa ahadi hukaribia kikomo, rafu ni ndogo. Ikiwa ahadi ziko mbali na kikomo lakini RAM imejaa na diski inafanya kazi bila kupumzika, rafu inatosha. Meza ndiyo ndogo. Na ikiwa RAM ina nafasi tele na mashine bado inasuasua, basi ugonjwa uko kwingine, na kumbukumbu pepe imesingiziwa.

NAMNA YA KUPANGA

Shikilia kitufe chenye alama ya Windows ubonyeze herufi R. Katika kisanduku kinachotokea andika sysdm.cpl, kisha bonyeza Enter. Dirisha linalofunguka lina vichwa juu yake kama vile vya mafaili ya ofisini. Chagua cha tatu, kilichoandikwa "Advanced", na ubonyeze kitufe cha kwanza cha "Settings". Katika dirisha jipya chagua tena kichwa cha "Advanced", na chini kabisa, penye maelezo ya kumbukumbu pepe, bonyeza "Change".

Juu kabisa utaona kisanduku cha kuuachia mfumo ujipangie wenyewe ukubwa wa faili la kurasa. Kwa nyumba nyingi, ushauri wetu ni mfupi: kisanduku hicho kiwe na alama ya tiki, na msiguse kingine. Windows hulikuza faili kadiri ya haja, na kwa kawaida hulipa ukomo wa mara 3 ya RAM au gigabaiti 4, kutegemea lipi kubwa, bila kupita sehemu ya nane ya diski. Kwa sababu hiyo diski isiachwe ikajaa pomoni. Rafu haiwezi kukua katika masjala isiyo na nafasi, na mara nyingi kufuta sinema zilizokwisha kutazamwa kumeponya mashine iliyokuwa ikielekea kwa fundi.

Yupo mwenye sababu ya kupanga mwenyewe, kwa mfano aliye na diski mbili au diski ndogo sana. Huyo aondoe tiki, achague diski, achague sehemu ya "Custom size", na aandike ukubwa wa kuanzia na ukubwa wa mwisho. Kipimo hutoka katika daftari. Ikiwa ahadi zilipanda hadi gigabaiti 7 na RAM ni 4, upungufu ni 3. Ongeza moja ya tahadhari, zipatikane 4. Windows huhesabu hapa kwa megabaiti, na gigabaiti moja ina megabaiti 1,024, kwa hiyo ukubwa wa kuanzia utaandikwa 4096, na wa mwisho waweza kuwa 8192. Baada ya kuandika, bonyeza "Set" kabla ya "OK". Wengi huiruka hatua hiyo na namba zao hazishiki. Kisha kompyuta izimwe na kuwashwa upya.

Mwenye diski mbili aliweke faili la kurasa katika ile yenye mbio. Wapo wanaoogopa kuliweka katika SSD wakidhani litaichakaza upesi. Wahandisi wa Microsoft walieleza mwaka 2009 kwamba faili hilo husomwa kiasi cha mara 40 kwa kila mara moja linapoandikwa, na kwamba ni machache yafaayo kuwekwa katika SSD kuliko hilo. Hofu hiyo basi na iwekwe kando.

YASICHANGANYWE

Yapo mambo matatu ambayo huchanganywa na kuleta hasara.

La kwanza ni umeme. Kwa kuwa faili la kurasa limo katika diski, mtu aweza kudhani kwamba kazi yake itasalimika umeme ukikatika. Haitasalimika. Rafu ile ni ya karatasi za muda, na kompyuta ikiwashwa upya haizirudishi mezani. Kinachookoa insha ni kuihifadhi mara kwa mara, na hapana mpangilio wa kumbukumbu uwezao kushika nafasi ya mazoea hayo.

La pili ni siri. Karatasi zilizopelekwa kwenye rafu zaweza kuwa na vipande vya barua, hesabu, hata maneno ya siri, na kwa kawaida Windows haiyafuti mabaki hayo inapozimwa. Anayeuza kompyuta yake au kumpa ndugu asiridhike kufuta barua zake tu. Aifute diski yote kwa njia ya kuirudisha mashine katika hali ya upya, akichagua ile njia inayosafisha diski.

La tatu ni simu. Siku hizi baadhi ya simu hutangazwa kwa kujumlisha, kwamba zina gigabaiti 8 na nyingine 8, na muuzaji husema 16. Nane za kwanza ni meza. Nane za pili ni rafu iliyokatwa katika hifadhi ya simu. Si uongo kwamba zipo, lakini si RAM, na mnunuzi asilipe bei ya meza kwa kununua rafu. Hali kadhalika, akitokea mtu akakuahidi kuongeza RAM ya kompyuta bila kuifungua wala kutia kifaa, fahamu kwamba anachokusudia ni kubadili zile namba mbili ambazo sasa unaweza kuzibadili mwenyewe.

FEDHA IENDE WAPI

Ikiwa daftari limeonyesha kwamba meza ndiyo ndogo, familia inaweza kuanza na yasiyogharimu. Programu zisizotumika zifungwe. Kurasa za mtandao zipunguzwe, maana vivinjari vya siku hizi hula kumbukumbu kuliko programu nyingi za maandishi. Programu zinazojiwasha zenyewe asubuhi zipunguzwe pia. Orodha yake imo katika lile lile dirisha la kusimamia kazi.

Yasipotosha hayo, ndipo fedha itoke, na itoke kwa mpango. Katika ukurasa wa "Memory" tuliousoma, mashine nyingi huonyesha pia idadi ya nafasi za kutilia RAM na ngapi zimekwisha kutumika. Ikiwa moja ni tupu, kuongeza kipande ni kazi ya dakika chache kwa fundi mwaminifu. Lakini aina lazima ilingane: kipande cha DDR3 hakiingii palipotengenezwa kwa DDR4. Baadhi ya kompyuta za mapajani zina RAM iliyochomelewa moja kwa moja, na hizo hazipanuliwi. Aidha, Windows ya biti 32 kwa kawaida haiwezi kutumia zaidi ya gigabaiti 4, hata ukiitia 8. Yote hayo yaulizwe kabla ya kulipa.

Mashine yenye diski ya kuzunguka hunufaika pia kwa kubadilishiwa SSD. Meza haitaongezeka, lakini tarishi aliyekuwa akirudi kesho atarudi baada ya dakika 17, na tofauti hiyo huonekana tangu mashine inapowashwa. Jambo moja zaidi lizingatiwe na mwenye mashine ya zamani: msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za kale hazikidhi masharti ya Windows 11. Kabla ya kuingiza fedha katika mashine ya namna hiyo, familia iulize kwanza kama itaweza kuendelea kupata marekebisho ya usalama, au kama ni afadhali iwekewe Linux.

Kwa hiyo, kabla ya fundi kuitwa, kabla ya mchango kuitishwa, na kabla ya yeyote kumlaumu mtoto kwa michezo yake, bonyezeni vile vitufe vitatu na mzisome zile namba mbili. Ziandikeni katika daftari jioni saba mfululizo. Daftari hilo ndilo litakaloamua kama kompyuta yenu yahitaji rafu, meza, au kufungiwa tu programu zisizo na kazi.